Shusha lupu ya dramu kabla hujagusa fada

Lupu nyingi za dramu (vipande vya mdundo vinavyojirudia), za kununua hata za bure, zimeshapikwa. Zimebanwa kwa kompresa (kifaa kinachopunguza sehemu zenye sauti kubwa), zikapitishwa kwenye limita inayozuia sauti kupita kikomo, na vilele vyake, yaani sehemu za juu kabisa za sauti, vinakaribia kabisa desibeli 0, kikomo cha sauti ya kidijitali. Sauti ya mwimbaji iliyorekodiwa chumbani bado mbichi, vilele vyake viko desibeli -12 au chini zaidi. Ukiziweka pamoja, dramu zinameza kila kitu. Wengi hapo hupandisha mwimbaji na gitaa ili vizifikie dramu: masta (njia inayokusanya sauti zote) inajaa, taa nyekundu inawaka, na maneno ya wimbo bado hayasikiki.

Lupu ndiyo ishuke. Anzia kwenye klipu yenyewe, pale programu inapokuruhusu kubadili geni (kiwango cha sauti) yake, na uipunguze desibeli 10 hadi 12. Fada, kile kitelezo cha sauti cha kila njia, iache karibu na 0, kwa sababu huko ndiko unakoweza kurekebisha nusu desibeli. Ikiwa chini kabisa, ukiisogeza kidogo tu inaruka desibeli kadhaa. Halafu plagini (programu ndogo za kubadili sauti, kama kompresa) kwa kawaida hukaa kabla ya fada, kwa hiyo hata ukishusha fada, kompresa inaendelea kupigwa na sauti ileile kali.

Sasa zima dramu, panga mwimbaji na besi kwanza. Kisha pandisha dramu polepole kutoka kimya, usimame pale sneya (dramu ya mlio mkali wa kupasuka) inaposikika wazi bila kufunika maneno. Spika ziwe chini, kiasi cha kuweza kuzungumza na mtu bila kupaza sauti. Kiki (dramu kubwa ya mlio mzito) peke yake ihukumu kwa sauti ya wastani, maana sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi, nawe utajikuta umeizidisha.

Ugumu wa lupu ni kwamba kiki, sneya na hai-hati (matoazi mawili yanayogongana) vimeshaungana. Fada inashusha vyote kwa pamoja. Hai-hati ikichoma masikio, tumia ikwalaiza, inayopunguza au kuongeza sehemu fulani za mlio: punguza desibeli 2 au 3 kuanzia herzi 8,000 kwenda juu. Kiki ikigombana na gitaa la besi, tafuta kati ya herzi 60 na 100, punguza kiasi hichohicho kwenye kimojawapo, si vyote viwili. Sneya ikizidi, ikwalaiza haisaidii sana kwa kuwa inagusa pia eneo la mwimbaji. Kata lupu kwenye kila pigo la sneya, ushushe vipande hivyo tu kwa desibeli 2. Kila ukingo uupe fedi (kufifisha sauti taratibu) ya milisekunde 2 hadi 5, la sivyo utasikia vidoa vya “tik” kila unapokata.

Kuongeza kompresa juu ya lupu iliyokwisha kubanwa ni kuitesa bure. Ukilazimika, weka uwiano wa 2 kwa 1, ataki (muda kabla kompresa haijabana) ya milisekunde 30, ipunguze desibeli 1 au 2 tu, na uzime geni ya kujirudishia yenyewe (auto makeup gain). Hiyo huongeza sauti ukadhani umeboresha.

Lupu ya beti na ya kiitikio usizilinganishe kwa vilele. Ndiyo maana nomalaizi (kupandisha klipu hadi kilele fulani) haifai hapa: inasawazisha kilele, wakati lupu mbili zenye kilele kimoja zinaweza kutofautiana sana ukubwa zinaposikika. Tumia kipimo cha LUFS, kinachopima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, au masikio, kisha kiitikio kiongezee desibeli 1, isizidi 1.5.

Ukicheza lupu mbili tofauti za ukubwa mmoja kwa pamoja, jumla hupanda takribani desibeli 3. Nakala mbili za lupu ileile hupandisha 6. Kiki zake zikipishana kwa milisekunde chache, mlio wa chini unakuwa mwembamba badala ya kunenepa. Chagua kiki moja, nyingine ikate chini ya herzi 150.

Mwisho geuza masta iwe mono, yaani kushoto na kulia viunganishwe kuwa sauti moja. Sneya ikizama humo, rudi kwenye fada ya lupu uipandishe nusu desibeli, huku vilele vya masta vikibaki karibu na desibeli -6.