Wavivu waliotuletea lugha za programu

Watu wakiongelea historia ya lugha za programu utadhani kulikuwa na maprofesa walikaa mezani wakapanga kila kitu miaka ishirini mbele. Wapi! Ukizifuatilia moja moja unakuta nyingi zimeanza na mtu aliyechoshwa na kitu fulani akaapa hatakirudia tena.

Chukua John Backus wa IBM. Mzee alikuja kusema mwenyewe kwamba kazi zake nyingi zilitokana na uvivu, hakupenda kabisa kuandika programu, na enzi hizo alikuwa anaiandikia kompyuta ya IBM 701 mahesabu ya njia za makombora, kazi ya kuumiza kichwa kweli. Mwishoni mwa 1953 akawaomba mabosi wamwachie ajaribu kitu kingine, na lugha ya Fortran ikatoka 1957 kwa ajili ya IBM 704. Kilichowatoa jasho zaidi si lugha yenyewe, ni kompaila, ile programu inayoigeuza kuwa kodi ya mashine, maana maprograma wa wakati ule walishajiaminisha kwamba hakuna mashine itakayotoa kodi yenye kasi kama ya mtu anayejua kazi yake, na muda wa kompyuta ulikuwa ghali balaa, kwa hiyo ingetoka taratibu tu basi hakuna ambaye angeigusa. Wakakomaa na kasi. Mpaka leo Fortran ipo kwenye mahesabu ya hali ya hewa, na wala haionyeshi dalili ya kuondoka.

Grace Hopper alikutana na ubishi huohuo mapema zaidi. 1952 tayari alikuwa na kompaila yake, A-0 (kwa macho ya leo ile ni linka, yaani kiunganishi cha vipande vya kodi, zaidi kuliko kompaila, lakini tusibishane) na watu wakamwambia kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Mama hakusikia, akaendelea hadi lugha ya FLOW-MATIC, yenye amri za maneno ya kawaida ya Kiingereza, na COBOL ya 1959 ikachota sana humo. Wasomi waliichukia COBOL vibaya mno, mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra aliandika 1975 kwamba kuifundisha ingefaa iwe kosa la jinai, haha. Halafu 2020 korona ikaja, maombi ya mafao ya wasio na kazi yakafurika, na gavana wa New Jersey akasimama hadharani kuomba watu wanaojua COBOL wajitolee.

Ila stori ninayoipenda kuliko zote ni ya Lisp. John McCarthy pale MIT, mwaka 1958 hivi, alikuwa anaandika nadharia kwenye karatasi, humo kuna fomula moja inaitwa eval ya kuonyesha tu kwamba lugha inaweza kujieleza yenyewe. Kijana wake mmoja, Steve Russell, akaisoma akasema mbona hii naweza kuiingiza kwenye mashine. McCarthy akamjibu kwamba anachanganya nadharia na vitendo. Jamaa akaenda akaibadilisha kwa mkono kuwa kodi ya mashine ya 704, ikakubali! Yaani mwenye lugha ndiye aliyekuwa wa mwisho kuamini kwamba ana lugha. Russell huyohuyo baadaye akawa mmoja wa waliotengeneza Spacewar, gemu la 1962.

C nayo ilitokana na kero ya kiufundi kabisa. Ken Thompson alikuwa na lugha ya B, ambayo ilikuwa haina aina za data (haikutofautisha namba na herufi, kwa mfano), sasa maabara ya Bell Labs walipopata kompyuta ya PDP-11 inayohesabu kumbukumbu kwa baiti, B ikaanza kupwaya, ndipo Dennis Ritchie akaiongezea aina mpaka ikawa lugha nyingine. Ritchie alifariki Oktoba 2011, wiki moja hivi baada ya Steve Jobs, na magazeti yakampitia juujuu tu. Hii mimi huwa inaniuma.

Python tunaijua, Guido van Rossum akitafuta cha kufanya likizo ya Krismasi 1989. JavaScript nayo, Brendan Eich alipewa siku kumi tu Mei 1995 pale Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, na haraka yenyewe unaiona hadi leo: uliza typeof (aina) ya null, yaani hakuna kitu, utajibiwa ni object, yaani kitu, na hairekebishiki maana kurasa kibao za intaneti zitaharibika.

Rust ndiyo kiboko. 2006 Graydon Hoare anarudi nyumbani Vancouver anakuta lifti haifanyi kazi, programu yake imekwama, na yeye anakaa ghorofa ya 21. Akapanda ngazi amekasirika, akiwaza inakuwaje tunashindwa hata kuandika programu ya lifti isiyokwama, akafungua laptopu akaanza lugha mpya isiyoruhusu yale makosa ya kumbukumbu ya C na C++. Toka mwisho wa 2022 Rust imeingia ndani ya kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, ambako kwa miaka 30 walikuwa wanakaa C na asembli (lugha iliyo karibu kabisa na kodi ya mashine) peke yao, na baadhi ya wazee wa C humo ndani mpaka leo bado wamenuna.