Kuku anayelalia kiota na kudonoa wenzake: jinsi nilivyomtuliza
Kiota kitupu, lakini mtetea hatoki, na kila anayekuja kutaga anadonolewa kichwani. Kumtoa mara tano kwa siku ni kazi bure: hamu ya kuatamia ndiyo inayomrudisha, na joto la chini ya tumbo huiendeleza. Nilimfungia kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, bila nyasi, nikakiinua sentimita 40 juu ya mawe ya volkano (hapa Goma hayakosekani) ili upepo upite chini ya tumbo. Maji na chakula ndani, kivuli juu. Siku ya tatu akaacha kututumua manyoya. Ukimtoa akakimbilia kiota tena, mrudishe kizimbani siku mbili zaidi. Nilimrudisha bandani usiku, wenzake wamelala, na chakula nikakigawa vyombo viwili, mbalimbali, asiweze kulinda vyote.