Nilivyompeleka albi wangu mizanini Martha's Vineyard

Septemba ikifika katikati, kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts huko Marekani, hubadilika tabia. Watalii wa kiangazi wamekwisha kwenda zao, nyumba nyingi zimefungwa, na waliobaki huacha kulala. Kwa majuma matano watu wanavua mchana na usiku. Seremala akichelewa kazini hakuna anayemuuliza. Dukani, kanisani, kwenye foleni ya kivuko, salamu inakuwa moja: "Umepata?" Na jibu, mara nyingi, si la kweli, kwa sababu hakuna anayetaka mwenzake ajue samaki wako wapi.

Hiyo ndiyo Derby, shindano la kuvua samaki mzito kuliko wote. Jina lake kamili ni Martha's Vineyard Striped Bass and Bluefish Derby. Ilianza mwaka 1946, vita vikuu vimekwisha, kisiwa kikitafuta namna ya kuwavuta wageni waje hata baada ya kiangazi. Wageni walikuja, lakini walioshikwa nayo zaidi ni wenyeji. Zipo familia ambazo babu, baba na mjukuu wote wana kofia zilizojaa pini za Derby. Pini moja ya kushika nafasi katika siku moja, kipande kidogo tu cha chuma, mtu anaweza kuikeshea majuma yote matano na asiipate.

Mimi ni mtu wa Lamu. Kisiwani nilikwenda kwa kazi ya kumtunza mzee mmoja nyumbani kwake West Tisbury. Ndugu zangu wa pwani walioko Massachusetts huniuliza ilikuwaje mtu mwenye kazi ya kutwa nzima, asiye na chombo wala jamaa pale, akafika mizanini na samaki wake. Ndiyo ninayotaka kueleza.

Kwanza mpango wenyewe. Shindano lina pande mbili, wanaovua kutoka nchi kavu na wanaovua chomboni, na hawachanganywi. Unajiandikisha, unapewa beji yenye namba yako, unaivaa. Mizani iko bandarini Edgartown na hufunguliwa saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisha saa mbili hadi saa nne usiku. Mbali na hayo unahitaji kibali cha jimbo cha kuvua baharini. Samaki wanaoshindaniwa ni bluefish, mwenye meno ya kukata mshipi wowote; bonito; na false albacore, ambaye wavuvi wa huko humwita albi. Huyu albi ni ndugu wa damu wa sehewa wetu. Nilipomwona mara ya kwanza nilimjua papo hapo kwa yale madoa ya chini ya kifua na mistari ya mawimbi mgongoni.

Striped bass, ambaye jina lake limo katika jina la shindano, aliondolewa. Miaka ya 1980 idadi yake iliporomoka hata Derby ikamweka kando kwa miaka kadhaa. Akarudi, kisha akapungua tena, na kwa shindano la mwaka 2020 kamati ikamwondoa kwa mara nyingine. Sheria ilikuwa imewekwa kwamba anayechukuliwa lazima awe na urefu wa kuanzia inchi 28 na asifike 35, na wakubwa zaidi warudishwe majini. Huwezi kuwa na shindano la kumtafuta mkubwa wakati mkubwa haruhusiwi kuguswa. Wapo waliohuzunika kwelikweli, maana kwao Derby ilikuwa ni samaki huyo. Mimi naona kamati ilifanya jambo la heshima. Watu wanaompenda samaki kiasi hicho walipaswa kuwa wa kwanza kumwachia nafasi.

Mapenzi hayo yana upande wake mgumu pia. Mwaka 2007, ndani ya tumbo la striped bass mmoja aliyeletwa mizanini, mlikutwa vipande vya madini ya risasi, na kisiwa kizima kikabaki kubishana kama ni hila ya kumwongezea uzito. Wengine walieleza kwamba wavuvi hutia vyuma hivyo ndani ya chambo ili kizame, samaki akavimeza siku nyingine kwa mtu mwingine. Mpaka leo ukilitaja jambo hilo kwenye duka la zana za uvuvi, jiandae kusimama hapo muda mrefu.

Mzee niliyemtunza alikuwa amevua Derby tangu ujana wake, mpaka magoti yakamkatalia kusimama kwenye mawe. Derby ina utaratibu mzuri sana: wavuvi wanaopenda huacha samaki wao pale mizanini, wakapasuliwa, na minofu ikagawiwa wazee wa kisiwa. Siku moja tukaletewa minofu ya bluefish. Mzee hakuuliza bei wala namna ya kupika. Aliuliza amevuliwa ufuo gani, maji yakiwa yanatoka au yanaingia. Kisha akanigeukia.

"Kijana, kwenu ulikuwa unavua?"

"Nimevua kabla sijajua kusoma, Mzee."

"Sasa jikoni unafanya nini?"

Usiku ule nikampigia kaka yangu Lamu kumweleza. Akashangaa: "Mdogo wangu, watu wazima wakeshe kwa ajili ya pini?" Nikamwambia, kaka, mbona kwetu nahodha huuza ng'ombe akashona tanga jipya kwa mbio za siku moja? Akanyamaza, kisha akasema nimtumie picha.

Tatizo langu lilikuwa wakati. Kazi ilianza saa mbili asubuhi hadi magharibi, na Mzee hakuwa mtu wa kuachwa. Usiku alikuja mhudumu mwingine. Kwa hiyo nilichokuwa nacho ni alfajiri: jua pale huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu mwishoni mwa Septemba, na saa moja na nusu ilinilazimu niwe nimefunga zana. Saa moja tu ya mwanga. Wenzangu walikuwa na pikapu za kupita mchangani hadi Wasque kule Chappaquiddick, na walikuwa na usiku mzima. Mimi nilikuwa na gari kuukuu na saa moja.

Mzee akaniambia saa moja inatosha kwa albi, ila nichague mahali pamoja na nisihangaike. Albi hapendi giza. Huwinda kwa macho. Mahali alipopachagua ni mlango wa Menemsha, upande wa Lobsterville, kule magharibi katika nchi ya Wampanoag wa Aquinnah, wenyeji wa asili wa kisiwa. Pale pana kuta mbili za mawe zilizojengwa kuingia baharini, na katikati yake maji ya ziwa la Menemsha huingia na kutoka. Maji yakitoka huwasukuma vidagaa nje, na albi husubiri mlangoni.

Hapo ndipo elimu ya nyumbani ilipofaa. Kwetu bamvua na maji mafu tunayajua kwa kuutazama mwezi, na maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita tatu. Menemsha kwa kawaida hata mita moja hayafiki. Ukiyatazama ufukweni unaweza kudhani bahari imelala. Lakini mlangoni mkondo una nguvu kama wa Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kwetu Lamu, na mkondo ndio unaovua, si kimo. Nikachukua jedwali la maji la Menemsha. Maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ile ile ya maji hurudi alfajiri baada ya majuma mawili hivi. Katika Derby nzima, asubuhi zilizonifaa zilikuwa chache sana, na nilizizungushia wino jikoni pale pale, Mzee akisimamia.

Tena kuna jambo ambalo jedwali halisemi. Maji yakiisha kujaa ufukweni, pale mlangoni bado yanaendelea kuingia kwa muda, maana ziwa halijatosheka. Ukija kwa saa ya jedwali utasimama kwenye mawe ukitazama mkondo ukienda kinyume. Mzee alijua hilo kwa miaka yake. Mimi nilikwenda jioni za mapumziko, nikarusha kijiti majini na kutazama kinaelekea wapi, mpaka nikajua kwa yakini nianze kungoja lini. Naamini kile kijiti kilinifaa kuliko zana yoyote niliyonunua.

Zana zenyewe hazikuwa nyingi. Fimbo nyepesi na rili yenye breki nzuri, kwa sababu albi akikimbia anakimbia kweli. Mshipi mwembamba wa kusuka, mbele yake kipande kirefu cha mshipi usioonekana majini, maana samaki huyu ana macho makali na maji ya Septemba ni meupe. Chambo cha chuma kidogo cha kung'aa, ukubwa sawa na vidagaa waliopo siku hiyo. Kikizidi kidogo anakipita. Halafu viatu vyenye misumari chini. Mawe ya Menemsha yana utelezi wa mwani, na mtu akianguka pale na mkondo unatoka, si jambo la kusimulia kwa raha. Katika hivyo vyote, viatu ndivyo nilivyovinunua vipya.

Kutupa nilijifunza upya, kwani mimi nimezoea mshipi wa mkononi. Nilifanya mazoezi ufukweni baada ya kazi mpaka chambo kikawa kinaangukia ninapokitaka. Mzee alisisitiza jambo moja: usitupe kwenye kundi, tupa mbele yake. Watazame membe, wale ndege wa baharini. Membe wakiwa wametawanyika juu, vuta pumzi. Wakijikusanya na kuanza kushuka, jua samaki wanakwenda upande ule, nawe tupa kule watakakofika, si walipo.

Asubuhi iliyonipa ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, haukutupiga usoni. Ule wa kaskazini-mashariki ukivuma, pale hapakaliki. Kwenye mawe tulikuwa wengi, kila mtu na jiwe lake, hakuna anayesema. Mkondo ukageuka. Membe wakashuka upande wa kulia, maji yakachemka, nami nikatupa mbele. Sikuwahi kuzungusha rili mara tatu. Albi hagongi kama chewa anayerudi pangoni. Huchukua na kuondoka, na mshipi ukapiga kelele hata mwili ukanisisimka.

Wale wale watu wasionijibu salamu, wote waliokuwa upande wangu wakavuta mishipi yao kunipisha. Ndiyo adabu ya pale: aliyenasa ana njia. Nikashuka mawe moja moja kumfuata, mshipi nikiuinua juu ya vichwa vya watu, na kila mmoja akiinama bila kuambiwa. Mtu mmoja wa makamo akaniambia niishushe fimbo anapokimbia, nisimshindanie. Alipochoka ndiye aliyepiga goti majini akamshika mkiani, akanikabidhi, akarudi kwenye jiwe lake kuvua. Alinisaidia kumleta samaki ambaye angeweza kumshinda wa kwake. Kwa tendo lile niliipenda Derby kuliko kwa kitu kingine chochote.

Nikamtoa damu hapo hapo, nikamlaza kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya chumvi, maana akikauka anapoteza uzito. Saa mbili kamili nilikuwa kazini. Mzee alifungua sanduku mara nyingi kuliko alivyofungua jokofu siku ile, na jioni hakutaka kusikia habari ya kubaki nyumbani. Nikamvalisha koti, tukaenda Edgartown pamoja.

Foleni mizanini ilikuwa ndefu. Watoto wamebeba samaki karibu wawashinde kimo, wazee na kofia zao, na kila anayepima hutazamwa na wote. Wengi walimtambua Mzee wangu. Wakamletea kiti bila yeye kuomba. Albi wangu akasoma ratili 9 na ushei, na mizani ilipofungwa usiku nilikuwa nafasi ya tatu ya siku hiyo kwa wavuvi wa nchi kavu. Pini nikampa Mzee aishike kwanza.

Albi, wenyeji wa kule hawamli. Wanasema nyama yake ni nyeusi na kali. Mtu wa Lamu haambiwi hivyo kuhusu sehewa. Nilimkata vipande, nikamtia chumvi, ndimu, tangawizi na pilipili, nikambanika, kisha nikampaka tui zito la nazi. Mzee alikula sahani mbili na kupiga simu kwa rafiki zake kuwaeleza.

Derby hufungwa Jumamosi ya mwisho saa nne usiku. Kisha hufanyika sherehe ya funguo: walioongoza kwa kila aina ya samaki hupewa ufunguo mmoja mmoja, wa nchi kavu na wa chomboni kila upande kwa zawadi yake kuu, pikapu au boti, na ufunguo mmoja tu ndio unaofungua. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameleta samaki mkubwa kuliko wote na asifungue kitu. Wengine hulalamika kwamba si haki. Mimi sioni ubaya, maana jina lake limekwisha andikwa ubaoni na hilo halimtoki. Fedha za Derby nazo huwasomesha vijana wa kisiwa, jambo ambalo wavuvi wenyewe hulitaja kwa fahari.

Msimu ujao namtaka bonito kutoka nchi kavu. Ni mgumu kuliko albi: huja wachache, hula kabla jua halijapanda, na meno yake madogo hukwaruza mshipi mwembamba hadi ukakatika. Mzee anasema yule hatafutwi Lobsterville bali ukuta wa pili, ng'ambo ya mlango, na kwamba nianze siku ya kwanza kabisa, kabla maji hayajapoa. Jedwali la Septemba amekwisha nituma nikamletee.