Masizi Yasomwe Kabla ya Kufutwa: Ekzosi Inayovuja Kwenye Mashua ya Matanga

Mashua nyingi za matanga zinazotia nanga katika hori la Kilifi zina injini ndogo ya dizeli iliyofungwa ndani, chini ya ngazi ya kuteremkia chumbani, karibu kabisa na mahali watu wanapolala. Kwa sababu hiyo ekzosi inayovuja humo ni jambo zito kuliko ile ya lori. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, haina rangi wala harufu, na ingawa dizeli huitoa kwa kiasi kidogo kuliko petroli, ikikusanyika katika chumba kilichofungwa madirisha kwa kuhofia mawimbi ya kusi inaweza kumdhuru mtu. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, yaani zile zile za mtu aliyelevywa na bahari, hivyo mgonjwa huambiwa aingie ndani akalale wakati anapaswa kutolewa nje apate hewa safi. Kengele ya gesi hiyo iwekwe karibu na vitanda, kabla hata ya kununua spana.

Nikiitwa kuangalia uvujaji, ombi langu la kwanza ni kwamba injini isioshwe. Ekzosi ya mashua ina sehemu mbili: sehemu kavu, kuanzia silinda hadi kwenye elbo, yaani bomba lililopinda ambamo maji ya bahari huchanganywa na moshi ili kuupoza, na sehemu ya majimaji, kuanzia hapo kupitia hosi na sailensa hadi tezi, yaani nyuma ya chombo. Sehemu kavu ikivuja huacha masizi, na sehemu ya majimaji ikivuja huacha michirizi myeupe ya chumvi au kutu inayoshuka kuelekea ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Anayefuta vyote hivyo kwa tambara amefuta ushahidi wake mwenyewe. Si kila cheusi ni masizi, hata hivyo. Vumbi la mkanda wa alteneta nalo ni jeusi, ila hulala kwa mstari sambamba na puli na ukilisugua kati ya vidole hujiviringa kama mpira, ilhali masizi hupaka kidole chote na hutawanyika kama upepeo kutoka penye tundu. Kichujio cha hewa kilichojaa weusi nacho ni ushahidi mzuri: injini inavuta moshi wake yenyewe.

Baada ya kusoma alama, huivua injini kitambaa cha kuzuia joto, huhakikisha hakuna harufu ya gesi ya jiko, kisha huiwasha ikiwa bado baridi, kwa kuwa chuma kikipata moto hutanuka na kuweza kuziba ufa mdogo kwa muda. Hushika kijiti cha udi kinachofuka karibu na kila kiungo, feni ikiwa imezimwa. Moshi wa udi hupanda kwa utulivu, lakini ukifika penye uvujaji husukumwa kando kwa mapigo, pigo moja kwa kila mpumuo wa silinda. Ikiwa injini inasumbua kuwaka, vali ya maji ya bahari ifungwe wakati wa kujaribu na ifunguliwe mara tu injini inapowaka, kwani bila moshi wa kuyasukuma nje, maji hujaa kwenye sailensa na kurudi hadi ndani ya silinda.

Mara nyingi mkosaji ni elbo au gasketi yake, kile kizibio kinachobanwa kwenye kiungo. Chumvi, joto na tindikali ya moshi huila elbo kutoka ndani, na kaboni huiziba taratibu, hivyo shinikizo linalorudi nyuma hutafuta upenyo kwenye gasketi. Anayebadilisha gasketi peke yake bila kuifungua elbo na kuitazama ndani atairudia kazi hiyo. Stadi, yaani boliti zisizo na kichwa, zikiwa na kutu zilowekwe mafuta ya kupenya usiku kucha na zisilazimishwe. Elbo ikishatoka, naziba upande mmoja wa njia ya maji, naijaza maji na kuiacha isimame. Unyevu ukitokea kwenye njia ya moshi, ukuta wa ndani umetoboka, na sikubali kuichomelea wala kuipaka gundi, kwa sababu tundu hilo likifunguka tena baharini maji yataingia kwenye injini.

Uso wa kiungo nausawazisha kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo kinene, kisha naweka rula iliyonyooka na kumulika tochi kwa nyuma hadi mwanga usipite. Gasketi iwe mpya daima. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha injini. Hosi ninazifinya: inayotoa mlio wa kukatika au iliyolegea imeanza kuachana ndani, na kila ncha hupata klipu mbili zisizoshika kutu.

Kitambaa cha kuzuia joto sikirudishi siku hiyo, ingawa wenye mashua hupenda kuona kazi imefunikwa vizuri. Naacha kiungo wazi na onyo kwamba chuma ni cha moto, chombo kiende safari ya kwanza kwa injini, kisha namulika tena kuzunguka gasketi. Pakiwa safi, ndipo nafunika.