Siku moja maishani mwangu: si kila tumbo ni vidonda

Saa 1:00 asubuhi. Naanzia wodini, kwa kijana aliyeletwa juzi akitapika damu. Alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuchubua tumbo, wiki nzima kwa ajili ya mgongo. Kamera ilituonyesha kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo. Mapigo yametulia, nashukuru. Tunasubiri majibu ya kinyama tulichokata, tujue kama ana Helicobacter pylori, yule bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo, aliyewapatia wagunduzi wake Barry Marshall na Robin Warren tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Saa 3:00. Kliniki. Wa kwanza amekuja kwa kipimo cha pumzi cha kumtafuta bakteria huyohuyo, lakini jana usiku kameza omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Dawa hiyo huwafifisha bakteria, kipimo kikasema hawapo ilhali wapo. Namwomba aiache kwa wiki 2 ndipo arudi. Inaniuma kumrudisha, ila jibu la uongo lingemuumiza zaidi.

Saa 5:00. Naitwa mapokezi ya dharura. Mama amejikunja kitandani, anatapika, maumivu ya chembe yamepenya hadi mgongoni. "Ni vidonda vyangu, daktari," ananiambia. Miaka miwili anatibiwa vidonda, na hajawahi kupimwa. Namuuliza maumivu huja lini. Usiku, anasema, akila vyenye mafuta, na hupanda hadi bega la kulia. Hapo akili yangu inahama tumboni na kwenda kwenye nyongo.

Naagiza kipimo cha damu cha lipasi, kimeng'enya cha kongosho. Inarudi imepita mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida. Ukijumlisha na maumivu yale, kongosho lake limevimba. Ultrasaundi inaonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo. Jiwe dogo likiteleza, huziba pale mfereji wa nyongo na wa kongosho inapokutana, na vimeng'enya vilivyokusudiwa kusaga chakula huanza kulisaga kongosho lenyewe. Tunamwekea dripu na dawa ya maumivu. Akitulia, kifuko kitolewe kabla hajaruhusiwa. Akiondoka nacho, mawe yatamrudisha.

Miaka miwili! Kumuuliza kumenichukua dakika tano.

Saa 8:00 mchana. Mzee mwenye macho ya manjano. Haumwi popote, na hilo ndilo linalonitia hofu. Namuuliza rangi ya choo.

"Daktari, hata hayo tunaulizana?"

"Hayo hasa, mzee wangu."

Choo kimepauka, mkojo umekolea, mwili unamwasha, amekonda, na kisukari kimemwanza majuzi. Nyongo haifiki kwenye utumbo. Kuna kinachoibana njiani. Naandika siti skani ya tumbo, nikihofia saratani kwenye kichwa cha kongosho. Natamani nikosee.

Saa 10:00. Kijana aliyekwenda kuchangia damu ameambiwa ana homa ya ini B. Hana dalili yoyote. Namweleza kwamba tutarudia kipimo. Virusi vikiendelea kuonekana baada ya miezi 6 tutauita ugonjwa sugu, na kwamba mkewe apimwe, achanjwe kama hana.

Saa 12:00 jioni. Narudi kwa yule mama. Uso umelegea, ameomba maji. Anafungua mkoba na kutoa paketi za dawa za vidonda, nyingine zimeisha nusu, nyingine hazijafunguliwa.

"Hizi niendelee nazo?"

Nazipokea zote na kuketi kando ya kitanda chake, tuzipitie moja moja.