Wananiaga, Nami Bado Nipo

Moshi, Januari 2026

Tangu Noeli watu wananiaga. Wananiaga kanisani, wananiaga kwenye foleni ya benki. Mama mmoja anayeuza mboga Rau aliniongezea fungu la mnafu bure akisema, "Chukua sista, huko uendako hutayaona haya." Nilichukua. Visa sina. Hata maombi ya visa sijatuma. Nilicho nacho ni barua ya hospitali moja ya Uingereza inayosema imenikubali, na ahadi kwamba namba ya udhamini, ile tunayoiita COS, itafuata. Lakini mtaani kwetu mtu akishafaulu IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ni kama amekwisha panda ndege.

Naandika kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja, na kwa sababu wauguzi wenzangu wadogo wananifuata korido wakitaka kujua "njia". Njia yenyewe inahamishwa huku unaitembea.

Nilipoanza kukusanya karatasi, mwaka 2023, habari ilikuwa fupi: nenda, fanya kazi miaka 5, omba ukaazi wa kudumu, basi. Machi 11, 2024 wale wa kutunza wazee na wagonjwa majumbani, kazi ambayo walioko huko wanaiita kea, wakazuiwa kuja na mume, mke au watoto. Mei 2025 serikali ya Keir Starmer ikatoa waraka wake wa uhamiaji. Tarehe 22 Julai mwaka huohuo mlango wa kea ukafungwa kabisa kwa waombaji wapya kutoka nje. Novemba 20 Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, akaja na pendekezo kwamba ile miaka 5 ya kusubiri ukaazi iwe 10 kwa watu wengi, na kwa wa kea iwe 15. Madaktari na wauguzi wa hospitali za umma, akasema, watabaki na 5.

Mimi ni muuguzi mwenye digrii, kwa hiyo karibu yote hayo yalinipita pembeni. Ndivyo kila mtu anavyoniambia kwa furaha, na kwenye karatasi ni kweli. Hata hili la juzi, kiwango cha Kiingereza kupandishwa kwa waombaji wa visa za kazi kuanzia 8 Januari, halinisumbui, maana baraza la wauguzi la kule, NMC, lilishataka alama 7 za IELTS, na 6.5 kwenye kuandika. Hiyo ya kuandika ndiyo iliyotutoa jasho wengi. Muuguzi anaandika ripoti ya zamu kila siku ya maisha yake, halafu anaombwa insha ya faida na hasara za miji mikubwa.

Kinachonifanya nisitulie ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Yeye alikwenda kwa kea mwaka 2023, akahesabu 2028. Sasa anahesabu 2038. Nilimtumia ujumbe kumtuliza: hilo bado ni pendekezo, maoni yanapokelewa mpaka 12 Februari, tangazo si sheria. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake nasikia basi likifunga breki: "Mdogo wangu, hata sheria niliyoingia nayo ilianza kama tangazo." Kampuni iliyompeleka ilinyang'anywa leseni ya kudhamini wafanyakazi. Ukifikwa na hilo, unapewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au kufungasha. Alipata, ila mji mwingine, mbali, na fedha ya tiketi ya Noeli ikaishia kwenye amana ya chumba. Mama mkubwa alichinja mbuzi yuleyule aliyekuwa amemwekea. Tulikula, lakini hakuna aliyesema ni mtamu.

Na Marekani, kwa wanaouliza "si bora huko": tangazo la Rais Trump la 16 Desemba limeiweka Tanzania kwenye nchi zenye vizuizi, kuanzia 1 Januari, visa za masomo na za kutembelea zikiwemo. Kijana wa jirani yangu ana barua ya chuo ya huko ndani ya bahasha ya plastiki. Siulizi tena.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Watu wote wanaonizunguka wananipigia hesabu ya miaka 10. Shemeji ameshaniona raia. Mchungaji ameshaniona mfadhili wa paa la sandei skuli. Mimi nimeamua kupiga hesabu ya visa moja tu, ile itakayogongwa, kwa muda ule utakaoandikwa. Mkataba niliopewa ni wa miaka 3. Kwa hiyo ninaishi kama mtu anayeajiriwa miaka 3 mbali, na kinachokuja baada ya hapo nakichukulia kama mvua za vuli: ukizipata, sawa, lakini hupandi shamba zima kwa kuzitegemea.

Hesabu hiyo inabadilisha mengi. Kiwanja hakiuzwi. Binti yetu haondolewi shuleni katikati ya darasa la sita ili awahi kitu ambacho hakijapangwa; kama mambo yatatulia, atafuata akimaliza. Na mume wangu haachi mlima.

Hapa ndipo tulipobishana kwa muda mrefu. Mume wangu ni gaidi, yaani mwongoza wapanda mlima, wa Kilimanjaro, alianza kama mgumu, ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa mlimani, akibeba mizigo ya watu kichwani, akapanda ngazi mpaka leseni. Kwa visa yangu yeye anaweza kuja kama mwenza na anaruhusiwa kufanya kazi. Dada zake wanaona hilo halina mjadala, mume na mke wasiachane na bahari katikati. Yeye alikuwa kimya siku nyingi, halafu siku moja akioga miguu nje akauliza, "Kwani Birmingham nitampandisha nani wapi?" Tukacheka mpaka mtoto akatoka ndani. Lakini lilikuwa swali. Akiacha misimu miwili, kampuni zinampa gaidi mwingine wageni wake, na huo ndio mwisho wa jina lake geti la Machame, wanakoanzia kupanda. Nikirudishwa kwa sheria fulani ambayo leo haipo, tutarudi wawili tusio na kazi badala ya mmoja.

Kuna kitu yeye anakiona kila wiki ambacho mimi nilikuwa sijakifikiria. Mgeni wake Mwingereza anashuka uwanja wa ndege wa KIA, analipa dola 50 dirishani, Mmarekani 100, anagongewa muhuri, kesho yake asubuhi wako njiani. Hakuna aliyemuuliza salio la benki. "Hawa watu," anasema, "wanaamua safari kwenye kochi." Hasemi kwa chuki, ndio wanaotulisha. Anasema kama mtu anayetaja urefu wa mlima.

Kikoba ndicho kilichoniuma kuliko Uingereza. Tumekuwa pamoja miaka, wanawake wa mtaa mmoja, tunakutana Jumamosi kwenye baraza la mweka hazina. Nilikuwa kwenye zamu ya mkopo, nataka kumalizia dari ya nyumba. Zamu yangu ilipofika, mweka hazina akafunga daftari kidogo, kidole kikiwa bado ndani ya ukurasa, akasema kwa upole uliopangwa: "Mama, sisi tunakupenda. Ila mkopo wa miezi sita, na wewe mguu mmoja uko Ulaya, tutakudai kupitia wapi?" Wote wakatazama sufuria ya chai. Nilisema sijaondoka. Mmoja akajibu, "Ndiyo, lakini unaondoka." Mkopo ukaenda kwa mwingine.

Sikukasirika na mtu, kwa sababu kwa hesabu zao wako sahihi. Ila nilitembea kurudi nyumbani nikiona kwamba nimeshaanza kulipa gharama za kuhama kabla sijahama. Kazini ni hivyohivyo. Yalikuja mafunzo ya siku chache Dodoma, inchaji, mkuu wetu wa wodi, akampeleka mwingine, "maana wewe utatuachia nani?" Mwenye duka la vifaa amekataa kuniandika kwenye daftari la mkopo. Serikali ya Uingereza haijaniambia ndiyo wala hapana, lakini Moshi yote imeshanikatia tiketi.

Kwa wale wadogo zangu wa korido, haya ndiyo ninayoweza kuwaambia bila kubahatisha. Tanzania iko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, inayofuata orodha ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Maana yake waajiri na mawakala wa kule hawaruhusiwi kuja kutuvuna. Wewe mwenyewe ukiona nafasi ukaomba moja kwa moja, hukatazwi. Kwa hiyo wakala anayekufuata hapa Moshi na fomu na "ada ya nafasi", mkimbie. Pili, karatasi zinafukuzana. Matokeo ya IELTS yanaishi miaka 2. Cheti cha kifua kikuu, kinachotolewa kwenye kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, Dar es Salaam, kinaishi miezi 6, kwa hiyo usikimbilie basi la usiku kwenda kupima kabla hujapata COS. COS nayo ina miezi 3 ya kutumika. Jibu la visa kwa kawaida ni wiki 3, na mwajiri wako wa hapa anakudai notisi ya siku 28. Panga hizo namba kwenye karatasi moja kabla hujamwambia shangazi yeyote. Na ukifika hujamaliza: kuna OSCE, mtihani wa vitendo, unaoufanya ndani ya wiki 12 tangu uanze kazi, na mpaka usajiliwe unalipwa chini ya muuguzi. Mshahara wa kuanzia wa muuguzi England kwa 2025/26 ni pauni 31,049 kwa mwaka kabla ya kodi. Msizidishe kwa shilingi mkiwa mmekaa Moshi. Zidisheni baada ya kutoa kodi ya nyumba ya huko.

Tena msiamini kwamba wanatulilia. Wauguzi wa nje waliojisajili kule kati ya Aprili na Septemba 2025 walipungua karibu nusu ukilinganisha na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia.

Hiyo orodha nyekundu nimeifikiria sana zamu za usiku. Wodi yetu tunabaki wawili, na mmoja akisindikiza mgonjwa theatre unabaki peke yako na kengele. Mzee mmoja wa Uru, aliyelazwa na kidonda cha sukari, aliniuliza wazi: "Ukienda, nani atanifunga hiki?" Nilimwambia yupo atakayenifuata, na sikumdanganya. Mtaani kuna wauguzi wenye leseni, wanajitolea miaka bila mshahara wakisubiri ajira zitangazwe. Wodi inalia haina watu, na watu wanalia hawana wodi. Mimi kuondoka hakutengenezi hilo wala kubaki hakulitengenezi. Ila kidonda chake nilikifunga polepole siku ile.

Mama hajaniaga. Yuko Kibosho kwenye kihamba chake, migomba na kahawa, na anajua kuondoka kuliko sisi wote. Wachagga tumeondoka tangu zamani. Nusu ya maduka ya Dar ni ushahidi, na Desemba barabara ya Moshi haipitiki kwa magari yanayorudi. Yeye hasumbuki na ukaazi wa miaka 5 wala 10. Nilipomweleza kwa kirefu, na tarehe zote, aliendelea kumenya ndizi za mtori akanisikiliza mpaka mwisho.

"Likizo wanatoa?"

"Wanatoa, mama."

"Desemba?"

Nikamwambia wagonjwa hawafungi Desemba, huko kama hapa.

"Basi njoo Agosti," akasema. "Agosti hakuna foleni ya kusaga mahindi."

Dada yangu mdogo alinivuta mpaka soko la Memorial tukanunue koti la baridi. Koti zuri, zito, la mitumba, bado lina kikaratasi cha bei kwa pauni kilichoshonewa ndani. Muuzaji akaapa ni gredi ya kwanza. Nikalirudisha kwenye hanga. Nyumbani kuna makoti matatu ambayo wageni wa mume wangu walimwachia wakishuka mlimani, yamefika kilele cha Uhuru na kurudi.

Ratiba ya zamu za Februari imebandikwa. Jina langu inchaji aliliandika kwa penseli, wengine wote kwa wino. Nilimfuata ofisini nikamwomba aniandike kama wengine. Akanitazama juu ya miwani, akachukua kalamu, akanipa usiku nne mfululizo, Jumapili ya harambee ya kanisa ikiwemo. Mchungaji itabidi anisamehe.