Siku Ruthu alipomkata mkwewe

Kiingereza changu nilikiokotea jikoni hotelini, nikianza na kuosha vyombo hadi nikapewa meza ya nyama. Usharikani waliniona msomi, nikafanywa mkalimani wa wageni.

Jumapili moja mgeni akafungua Biblia ya King James, ile tafsiri ya 1611, akasoma Ruthu 1:14: "Ruth clave unto her." Clave! Si ndiyo cleave? Na kile kisu kipana cha kuvunjia mifupa jikoni kwetu si kiliitwa cleaver? Nikatafsiri kwa sauti ya kujiamini: Orpa akambusu mkwewe, lakini Ruthu akamkata.

Wanakwaya wakaficha nyuso kwenye khanga. Mama mchungaji akasema taratibu kutoka kitini, "Akaambatana naye, mwanangu."

Jioni niliketi na Biblia mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Mwanzo 2:24, cleave: mume ataambatana na mkewe. Mwanzo 22:3, clave: Ibrahimu akachanja kuni. Kitabu kimoja, tendo moja, huku watu wanagandana, kule gogo linapasuliwa! Kamusi ndiyo iliyonitoa jasho: kumbe yalikuwa maneno mawili. Kiingereza cha kale kilikuwa na clifian, kushikamana, na clēofan, kupasua. Matamshi yakasogeleana karne kwa karne mpaka yakavaa sura moja.

Sawa, lakini ibadani nitapata wapi muda wa kufungua kamusi? Nilikuwa bado nawaza hilo jirani alipobisha hodi: "Niazime baiskeli, kaka." Nikampa, kisha nikabaki mlangoni nimeduwaa. Nimeazima baiskeli, basi ni ya mtu. Nimemwazima baiskeli, basi ni yangu. Kuazima ni kulekule, ila hiyo "mw" ndogo inageuza mwenye mali, na hakuna anayechanganyikiwa.

Nikarudi kuitafuta "mw" ya Kiingereza. Ilikuwepo muda wote: unto. Ikifuata unto au to, ni kuambatana, kama ulimi kwenye kaakaa katika Zaburi 137:6. Tendo likigusa kitu bila daraja hilo, kama kuni za Ibrahimu, shoka limeshashuka.

Sasa mhubiri akitamka cleave, nafunga mdomo kwanza mpaka nisikie linalofuata. Mama mchungaji naye hajasahau. Tukikutana buchani huniuliza, "Haya, leo unamkata nani?"